Wizi wa Kazi za Sanaa kama Chimbuko la Vitabu: Kutoka Louvre hadi Vigango vya Wamijikenda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya wizi wa kazi za sanaa na vitabu vinavyoandikwa kutokana na wizi huo. Visa vinne vimeteuliwa: wizi wa Mona Lisa jijini Paris (1911), wizi wa ubao wa Waamuzi Waadilifu mjini Gent (1934), wizi wa jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner jijini Boston (1990), na wizi wa vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba kinachozaa kitabu si thamani ya kitu kilichoibwa, bali ni alama na maandishi yanayobaki pale kilipokuwa. Pale ambapo alama hizo hazikuwekwa, riwaya haipatikani, na kitu chenyewe hukosa njia ya kurudi.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili amezoea kukutana na maiti. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, swali kuu la utanzu huu limekuwa ni nani aliyeua. Katika fasihi za Ulaya na Marekani kuna mkondo mwingine uliostawi sambamba na huo, ambao swali lake ni tofauti: kitu kiko wapi? Mkondo huo unahusu wizi wa kazi za sanaa, nao una matawi mawili. Tawi moja ni la riwaya. Jingine ni la vitabu vya habari za kweli vinavyosimuliwa kwa mbinu za riwaya. Mpaka baina ya matawi hayo mawili hauko imara, na udhaifu wa mpaka huo ni sehemu ya suala linalojadiliwa hapa.

Picha mashuhuri iliyoibwa ina sifa moja inayoitenganisha na mali nyingine zinazoibwa. Fedha zikiibwa hutumika, dhahabu huyeyushwa. Picha inayojulikana na kila mtu haiwezi kuuzwa hadharani, wala haiwezi kubadilishwa umbo bila kuharibiwa. Mwizi hubaki na kitu chenye thamani kubwa ambacho hawezi kukitumia, na mwenye mali hubaki na ukuta mtupu usioeleza lolote. Baina ya watu hao wawili kuna ukimya unaoweza kudumu miaka mingi, na ni katika ukimya huo ambamo mwandishi hupata nafasi. Swali la makala haya ni anachotumia kuijaza.

2.0 Louvre, 1911: Fundi na Bwana wa Kubuniwa

Siku ya Jumatatu, tarehe 21 Agosti 1911, jumba la makumbusho la Louvre lilikuwa limefungwa kwa wageni, kama ilivyokuwa desturi ya siku hiyo. Vincenzo Peruggia, fundi kutoka Italia aliyewahi kufanya kazi humo na kushiriki katika utengenezaji wa kasha la kioo lililoikinga Mona Lisa, aliishusha picha hiyo ukutani, akaitoa katika fremu na kuondoka nayo. Hakuna aliyetambua hadi siku iliyofuata, pale mchoraji Louis Béroud alipofika kufanya kazi yake na kukuta kulabu nne zisizoshika kitu. Walinzi walidhani picha imepelekwa kupigwa picha.

Louvre ilifungwa kwa wiki moja. Ilipofunguliwa, watu walipanga foleni kwenda kutazama mahali ambapo picha haikuwapo. Miongoni mwa waliofika mwezi Septemba walikuwa Franz Kafka na rafiki yake Max Brod. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na mtafiti wa fasihi, kwa kuwa linaonesha jinsi kutokuwapo kwa kitu kulivyogeuka kuwa kitu cha kutazamwa. Wengi katika foleni hiyo hawakuwahi kufika Louvre wakati picha ikiwapo. Magazeti yaliichapisha sura yake kila siku, polisi walimkamata mshairi Guillaume Apollinaire na kumweka rumande kwa siku kadhaa, na Pablo Picasso naye akahojiwa. Wote wawili hawakuhusika na Mona Lisa; kilichowaponza ni vichwa vya sanamu vya kale vilivyoibwa Louvre na mtu waliyefahamiana naye, ambavyo Picasso alikuwa amevinunua. Umaarufu wa pekee ambao Mona Lisa inao leo, juu ya picha nyingine za Leonardo, ulikuzwa kwa kiasi kikubwa na miaka miwili ambayo haikuonekana.

Miaka hiyo yote picha ilikuwa chumbani kwa Peruggia, jijini Paris, ndani ya sanduku lenye kitako cha uongo. Mwezi Desemba 1913 aliipeleka Firenze na kumpa Alfredo Geri, mfanyabiashara wa vitu vya kale, ambaye aliwajulisha wenye mamlaka. Peruggia alijitetea kwamba alikusudia kurudisha Italia kilichoporwa na Napoleon. Utetezi huo ulikosea kihistoria, kwani Leonardo mwenyewe ndiye aliyekwenda na picha hiyo Ufaransa, na ikaingia katika hazina ya Mfalme François wa Kwanza karne tatu kabla ya Napoleon. Hata hivyo, mahakama ilimhurumia. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku kumi na tano, na baadaye adhabu hiyo ikapunguzwa hadi miezi saba.

Kwa jinsi kilivyo, kisa hiki ni chembamba. Kina fundi mmoja, koti jeupe la kazi, na sanduku chini ya kitanda cha mpangaji. Mwaka 1932 mwandishi wa habari wa Marekani, Karl Decker, alikinenepesha. Katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Saturday Evening Post, Decker alidai kwamba wizi ule ulipangwa na Mwajentina aliyejiita Marqués de Valfierno. Bwana huyo, kwa mujibu wa Decker, alimwajiri mghushi aliyeitwa Yves Chaudron kutengeneza nakala sita, kisha akamtumia Peruggia kuiba picha halisi ili matajiri sita, kila mmoja kwa siri yake, waamini kwamba wamenunua ile iliyotoweka. Valfierno hakuihitaji picha halisi. Alichohitaji ni habari kwamba imeibwa.

Ni hadithi nzuri mno. Ila ushahidi wake ni mtu mmoja aliyesimuliwa na mtu mwingine ambaye, wakati wa kuchapishwa, alisemekana amekwisha kufa na kwamba kufa kwake ndiko kulikokuwa sharti la kuchapishwa. Hakuna hata nakala moja kati ya hizo sita iliyowahi kujitokeza. Pamoja na hayo, mwaka 1981 Seymour Reit alichapisha The Day They Stole the Mona Lisa, kitabu kilichowekwa katika fungu la historia, na humo Valfierno anatembea kama mtu aliyethibitishwa. Vitabu vingine vikamfuata. Mwaka 2004 Martín Caparrós, mwandishi wa Argentina, alimfanya Valfierno kuwa mhusika mkuu wa riwaya yenye jina hilohilo, nayo ikashinda tuzo ya Planeta nchini mwake.

Kwa mtazamo wa makala haya, Caparrós ndiye mkweli zaidi kati ya hao wawili, maana alichokiita riwaya ni riwaya. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mtu anapojiuliza ni kwa nini Valfierno ameendelea kuaminiwa kwa karibu karne nzima, jibu haliko katika ushahidi bali katika matarajio ya wasomaji. Fundi mhamiaji, aliyekuwa akitaniwa na wenzake wa Paris kwa Uitaliano wake, haaminiki kuwa ndiye aliyeibeba picha mashuhuri kuliko zote. Wizi mkubwa, hivi ndivyo inavyodhaniwa, sharti uwe na akili kubwa nyuma yake, na akili hiyo sharti ivae suti. Kwa hiyo kitabu kinamwibia Peruggia kitendo chake na kumpa bwana asiyejulikana kama aliwahi kuishi. Dharau ya kitabaka imepita kwenye historia ikiwa imejificha ndani ya msisimko wa upelelezi, na wahakiki wachache wameigusa.

3.0 Gent, 1934: Ubao Uliohamia Kabatini

Kisa cha pili kinafanana na cha kwanza katika jambo moja tu: mahali patupu. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Aprili 1934, mbao mbili ziliibwa kutoka katika Kuabudiwa kwa Mwanakondoo, mchoro mkubwa wa altare uliokamilishwa na Jan van Eyck mwaka 1432, baada ya kaka yake Hubert kuuanza, na ambao umo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo mjini Gent, Ubelgiji. Ubao mmoja ulimwonesha Yohana Mbatizaji. Mwingine uliwaonesha Waamuzi Waadilifu wakiwa juu ya farasi, wakielekea kumwabudu Mwanakondoo. Zikafuata barua zenye saini ya herufi D.U.A. zikidai kikombozi cha faranga milioni moja za Ubelgiji. Kama dhamana ya ukweli wake, mwandishi wa barua alirudisha ubao wa Yohana Mbatizaji kupitia chumba cha kuhifadhia mizigo katika stesheni ya reli jijini Brussels. Mazungumzo yalikwama kwa sababu ya fedha.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, dalali wa hisa aitwaye Arsène Goedertier alishikwa na maradhi ya moyo. Akiwa anakata roho alimwambia wakili wake kwamba yeye peke yake ndiye anayejua ubao ulipo. Nyumbani kwake zilikutwa nakala za barua za kudai kikombozi. Ubao haujapatikana hadi leo, na mahali pake pana nakala iliyochorwa na Jef Van der Veken, iliyokamilika mwaka 1945.

Vitabu vinavyoutafuta ubao huo ni vingi, na vingi vyavyo ni ramani za hazina. Kimoja hakiutafuti kabisa, nacho ndicho kinachodumu. Albert Camus alipochapisha La Chute (Anguko) mwaka 1956, aliuweka ubao halisi ndani ya kabati katika chumba cha Jean-Baptiste Clamence, aliyekuwa wakili wa Paris na sasa anaishi Amsterdam, akijiita mwamuzi na mtubu kwa pamoja. Kabla ya hapo ulining'inizwa katika baa ya mabaharia, na hakuna mnywaji aliyeutambua. Clamence anaeleza sababu kadhaa za kutourudisha, mojawapo ikiwa kwamba waamuzi wametengana na Mwanakondoo, na mgawanyiko huo wa haki na kutokuwa na hatia unamfaa yeye. Anatumaini pia kwamba siku moja atakamatwa kwa ajili ya ubao huo.

Hapa wizi wa kweli haukutumika kuleta msisimko. Camus hakumbuni mwizi wala hakutatua fumbo. Alikichukua kitu kilichokosekana, kama kilivyoelezwa katika magazeti na kesi, akakiweka mahali ambapo kutokuwapo kwake kunapata maana: waamuzi waliopotea wamo mikononi mwa mtu anayemhukumu kila mmoja ili asihukumiwe. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya altare ya Gent na kuitazama nakala ya Van der Veken anajua kwamba hata leo waamuzi walioko pale si wale. Mwandishi hakuhitaji kuongeza neno juu ya hilo.

4.0 Boston, 1990: Fremu Tupu na Mafaili

Kisa cha Boston kinajulikana zaidi na kinahitaji maelezo machache. Alfajiri ya tarehe 18 Machi 1990, wanaume wawili waliovaa sare za polisi waliingia katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, wakawafunga walinzi, na katika muda wa dakika 81 wakachukua kazi 13. Miongoni mwazo zilikuwamo picha ya Vermeer iitwayo Tamasha na picha pekee ya bahari ambayo Rembrandt anajulikana kuichora. Wosia wa mwanzilishi, aliyefariki mwaka 1924, unakataza mpangilio wa vyumba kubadilishwa, na fremu tupu bado zimetundikwa. Zawadi ya dola milioni 10 za Marekani imetangazwa. Hakuna kazi hata moja iliyorudi.

Vitabu vya kisa hiki vina tabia ya kurithiana. The Gardner Heist cha Ulrich Boser (2009) kilianzia kwenye majalada ya Harold Smith, mchunguzi wa wizi wa sanaa aliyefariki mwaka 2005 kabla ya kuyakamilisha. Master Thieves cha mwanahabari Stephen Kurkjian (2015) kikafuata mkondo wa magenge ya uhalifu ya Boston. Kila mwandishi anapokea faili, anaongeza mtuhumiwa, kisha anapokeza. Watuhumiwa wengi ni marehemu, jambo ambalo ni salama kwa mchapishaji. Kuhusu picha zenyewe, mtu anaweza kusoma kurasa nyingi na kusahau kwamba kilichoibwa kilikuwa na rangi.

Riwaya ya B. A. Shapiro, The Art Forger (2012), inaonesha tatizo hilo kutoka upande wa pili. Mhusika wake analetewa picha ya Degas iliyoibwa Gardner na kutakiwa kuinakili. Degas zilizoibwa kwa kweli ni kazi ndogo za karatasi. Mwandishi alilazimika kubuni picha kubwa ya mafuta ambayo haikuwahi kuwapo. Wizi wa kweli ulimpa mlango, lakini kilichoibwa hakikutosha hadithi yake.

5.0 Vigango: Wizi Usio na Riwaya

Visa vitatu vilivyotangulia vina kitu kimoja kwa pamoja. Kila kimoja kiliacha maandishi: kulabu zilizopigwa picha, barua za D.U.A., majalada ya mchunguzi. Kila kitu kilichoibwa kilikuwa kimeorodheshwa, kimepimwa na kuchapishwa kabla ya kuibwa. Tunapoelekea pwani ya Kenya, tunakutana na wizi mkubwa zaidi kwa idadi ambao haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa nakshi za pembetatu na kuwekewa kichwa, ambayo Wamijikenda, hususan Wagiriama, humsimikia marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Mara nyingi husimikwa baada ya marehemu kumjia mtu wa ukoo wake katika ndoto. Kikishasimikwa, kigango si sanamu ya marehemu. Ni mahali pa marehemu. Hutambikiwa kwa tembo la mnazi, na hakiondolewi. Familia ikihamia kwingine, kigango hubaki kilipo.

Desturi hiyo ya kukiacha ndiyo iliyowapa wafanyabiashara kisingizio chao. Kigango kilichosimama peke yake katika uwanda wa mahame kiliitwa kitu kilichotelekezwa, na kitu kilichotelekezwa hakina mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1970, vijana waliohitaji fedha waliving'oa usiku na kuviuza kwa bei ndogo kwa wenye maduka ya vinyago, na kutoka huko vikasafiri hadi Marekani, vikauzwa kwa maelfu ya dola. Baadhi ya walionunua walikuwa watu wa sinema wa Hollywood. Wengine walivitoa zawadi kwa makumbusho ya vyuo vikuu.

Kitabu kilikuwapo, lakini cha aina nyingine. Mwaka 1986 jumba la makumbusho la Chuo cha Williams, Marekani, lilichapisha katalogi ya vigango iliyoandamana na maonyesho. Mtafiti anapaswa kuielewa vyema kazi ya katalogi katika soko la sanaa. Hata pale inapoandikwa kwa nia njema na kwa maarifa, hukipa kitu jina, picha, nambari na ukurasa. Na kitu chenye ukurasa kina bei. Katika kisa cha Boston vitabu vilikuja baada ya wizi na kujaribu kuufichua. Kwa vigango, kitabu kilikuja wizi ukiendelea, na ndani yake vilikuwa kazi za sanaa zilizokusanywa.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Aliporudi kumpelekea mzee picha hiyo, vigango vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Ilichukua miaka kumi na minne. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanataaluma wa masomo ya Afrika nchini Marekani, mwanaanthropolojia mwenzake, Linda Giles, alionesha picha za mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Udvardy alikitambua kimojawapo. Cha pili kikaja kupatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Mwaka 2003 wawili hao, pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha makala katika jarida la American Anthropologist wakifuatilia safari ya vigango kutoka nyumba za wafu hadi rafu za makumbusho. Kigango cha Illinois kilirejeshwa Kenya mwaka 2006, na kile cha Hampton kikarejeshwa baadaye.

Kama kisa hiki kingetokea Boston, kingekwisha kuandikiwa vitabu kumi. Kina mzee anayesubiri, kina picha moja ya zamani, kina utambuzi wa ghafla ndani ya ukumbi wenye giza. Lakini kukosekana kwa riwaya si ajabu. Mwandishi wa mkondo huu huhitaji jalada la kuanzia, na kwa mamia ya vigango vilivyong'olewa hakuna jalada lililofunguliwa. Hakuna fremu inayobaki ukutani. Kilichobaki ni shimo ardhini, nalo hufukiwa na mvua ya kwanza. Sifa aliyokuwa nayo Mona Lisa, yaani kutouzika kwa sababu inajulikana, kigango hakikuwa nayo. Kiliuzika kwa kuwa waliokijua hawakuwa wasomaji wa katalogi.

Hapa ndipo suala linapovuka uhakiki wa fasihi. Wakili wa Camus aliuficha ubao ambao dunia nzima iliujua. Mzee wa Kigiriama alikuwa na kinyume chake: kitu kilichowekwa wazi katika kumbi za maonyesho, kikaandikiwa kibandiko, na bado hakikujulikana kuwa kimeibwa. Kilichobadilisha hali hiyo si usimulizi wenye msisimko, bali picha iliyopigwa kabla na makala yenye tanbihi iliyochapishwa baadaye. Kwa watafiti wa Kiswahili kuna kazi hapa ambayo riwaya haiwezi kuitangulia. Masimulizi ya familia kuhusu nani alisimikiwa kigango, wapi, na kwa ndoto ya nani, yapo katika Kigiriama na Kiswahili, na wanaoyajua wanazidi kuwa wazee. Yakirekodiwa yatakuwa ndiyo jalada.

Mwaka 2014 jumba la makumbusho la mambo ya asili na sayansi la Denver lilitangaza kurudisha vigango 30 vilivyokuwa katika mkusanyo wake. Vingi vya aina hiyo huvuka bahari vikiwa na jina la aliyetoa zawadi na mwaka wa kupokewa, bila jina la boma vilikong'olewa. Vikifika Kenya huweza kupokewa na Makumbusho ya Taifa, vikahesabiwa na kuhifadhiwa katika bohari. Lakini kigango kina mtu wake, na kwa vigango hivi hakuna picha ya mwaka 1985 ya kuonesha ni nani.